Jiwe Lililokua kwa Azimio la Kamati

Mwalimu Oyoo alihamishiwa shule ya kati iliyo juu ya soko la Birongo mwaka wa hamsini na tatu. Alifika na mkewe Benta, binti yao mchanga Akong'o, na sanduku la bati lililojaa chupa za maabara. Alikuwa Mjaluo wa kando ya ziwa, mtu mrefu mwenye koti moja zuri, na alikuwa na huzuni ambayo watu wengi hawaijui: alijua hesabu moja nzuri sana, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

Hesabu hiyo alifundishwa chuoni Uganda. Ilihusu jinsi fuwele, yaani jiwe angavu lenye pande zilizonyooka, inavyokua ndani ya maji. Mkufunzi wao aliiandika ubaoni siku moja, akaifuta, akaenda kunywa chai, na wenzake Oyoo wakaisahau kabla chai haijapoa. Yeye ilimkaa kichwani kama wimbo. Alipofika Birongo wanafunzi walimwuliza habari za mtihani, wazazi wakamwuliza habari za viboko, mwalimu mkuu akamwuliza habari za nyasi za uwanjani. Hesabu ikabaki pale pale.

Kwa hiyo akaamua kujifurahisha mwenyewe. Aliteremka Kisii mjini, akaingia dukani kwa Osman, akanunua shabu, ile ambayo vinyozi humpaka mtu aliyekatwa na wembe na kina mama huitia mtungini ili tope lizame. Aliiyeyusha katika maji ya moto mpaka maji yakakataa kupokea zaidi, akayaacha yapoe, akaning'iniza humo punje moja kwa uzi wa kushonea. Chupa akaiweka dirishani darasani.

Punje ikaanza kukua. Ikapata pande nane, kila upande umenyooka kama kioo kilichokatwa na fundi. Ilipofikia ukubwa wa haragwe, Chifu Onyancha akaja kukagua vyoo vya shule.

Chifu alikuwa mtu mnene, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kushangaa. Alipita dirishani, akarudi nyuma.

"Mwalimu, hii kitu ni nini?"

"Ni fuwele ya shabu, Chifu."

"Nilipopita hapa siku ile haikuwa ndogo?"

"Ilikuwa ndogo. Inakua."

Chifu akavua kofia. "Inakua, na hakuna udongo?"

"Hakuna."

"Inakula nini, sasa?"

Oyoo alimvuta Chifu karibu na chupa kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto wake wa kwanza. "Maji haya yamevimbiwa, Chifu. Yalipokuwa moto yalimeza shabu nyingi. Sasa yamepoa, lakini bado yameishika tumboni, kupita kiasi ambacho maji baridi yanaweza kubeba. Yanatafuta pa kuitua. Yakikuta punje ya shabu, yanaitua hapo, kidogo kidogo."

"Kama mtu aliyekula ugali wa obokima kwenye arusi mbili," Chifu alisema.

"Kabisa."

"Na mtu anaweza kujua itakuwa kubwa kiasi gani?"

Hilo ndilo swali ambalo Oyoo alilingoja miaka yote. Kama angejibu kwamba hajui, maisha yake yangeendelea vizuri. Akajibu, "Inawezekana kupigiwa hesabu."

Chifu Onyancha alikuwa na sababu zake. Maonyesho ya wilaya yalikuwa yakikaribia, na mwaka uliotangulia watu wa ziwani walikuwa wameleta fuvu la kiboko. Watu wote waliacha mahindi na kahawa ya milimani wakaenda kutazama meno ya kiboko. Chifu alikuwa amesimama siku nzima karibu na ndizi zake, na mtu pekee aliyemjia alikuwa mtoto aliyepotelewa na mama yake. Tangu siku hiyo alitafuta kitu ambacho watu wa ziwani hawana. Sasa alikuwa amekipata dirishani, na kilikuwa kinakua bila kupaliliwa.

Siku chache baadaye kukawa na Kamati ya Jiwe. Mwenyekiti alikuwa Chifu mwenyewe. Kulikuwa na wazee kadhaa ambao kazi yao ilikuwa kukubaliana na mwenyekiti, na waliifanya vizuri. Kulikuwa na Eucabeth, muuguzi wa zahanati, aliyeingizwa ili isisemwe kwamba wanawake wameachwa nje. Na kulikuwa na Bwana Shauri, kijana wa Kiingereza kutoka ofisi ya wilaya, ambaye alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye kitabu kwa ukamilifu hata hakuna aliyemwelewa.

Walikutana darasani, wakaketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa yamepanda mpaka kidevuni. Oyoo alivaa koti lake. Akaandika ubaoni: uzito unaoongezeka kwa saa ni sawa na k, mara eneo la uso wa jiwe, mara tofauti kati ya shabu iliyomo majini na shabu ambayo maji yanastahili kubeba.

"Tofauti hii ndiyo njaa ya kutua mzigo," alieleza. "Ikiwa kubwa, jiwe linakua haraka. Eneo ni mlango: uso ukiwa mpana, shabu nyingi inaingia kwa pamoja."

"Na hiyo k?" Chifu aliuliza.

"Hiyo ndiyo mwendo wa njiani, Chifu. Maji yanayogusana na jiwe yameshatoa shabu yao. Yamechoka, yamelala pale pale, yamelifunika jiwe kama blanketi jembamba. Shabu inayotoka mbali lazima ipenye kwenye blanketi hilo ndipo ifike. Blanketi likiwa nene, k inakuwa ndogo."

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Bwana Shauri alisema jambo refu lililokuwa na neno "aidha" mara nyingi.

Oyoo akapima, akazidisha, akagawanya. Chaki ilimwanguka mara mbili kwa furaha. Akaonyesha kwamba kila siku uso wa jiwe hupata unene ule ule, liwe dogo au kubwa, maana likiwa kubwa hula zaidi lakini pia lina sehemu kubwa zaidi ya kuvalisha. Halafu akapiga mstari chini ya jibu.

"Siku ya maonyesho," alisema, "litakuwa kama pera."

Wazee wakamgeukia mwenyekiti.

"Pera," Chifu alirudia.

"Pera kubwa."

"Mwalimu, watu wa ziwani wataleta kichwa cha kiboko na wewe unaniambia pera?" Chifu aliinuka, na dawati likainuka naye. "Wewe kwenu si ziwani?"

Oyoo alifungua kifungo cha koti. "Kwetu ni ziwani, Chifu. Lakini hesabu haina kwao."

"Nani aliweka hiyo k?"

"Hakuna aliyeiweka. Inapimwa."

"Ilipimwa wapi? Uganda?"

"Uganda, na hapa pia."

"Basi ya Uganda iachwe Uganda. Hapa ni mlimani, maji yetu ni mengine."

Mzee mmoja akapendekeza kwamba k iongezwe. Mwingine akaunga mkono. Kabla Oyoo hajafungua mdomo mikono yote ilikuwa juu, na Bwana Shauri, ambaye alipenda sana kuona Waafrika wakipiga kura juu ya jambo lisiloihusu serikali, aliandika kwa furaha kwamba kamati imeazimia kwa kauli moja k iwe mara tatu.

Eucabeth peke yake hakuinua mkono. "Mwalimu," aliuliza, "maji hayo yaliyochoka hayawezi kukorogwa? Mimi nikitaka dawa iyeyuke upesi naikoroga."

Oyoo alimtazama kwa shukrani. "Yanaweza. Ukikoroga, blanketi linakuwa jembamba, na k inapanda kweli. Lakini kuna mpaka. Ukishaliondoa blanketi lote, jiwe lenyewe linahitaji muda wa kupanga punje zake. Hapo hata ukikoroga mpaka mkono ung'oke..."

"Umesikia!" Chifu alipiga dawati. "K inapanda! Yeye mwenyewe amesema!"

Maneno yaliyofuata hakuna aliyeyasikia.

Jiwe likahamishwa kutoka chupani hadi kwenye pipa kubwa lililosuguliwa kwa mchanga, likawekwa kwenye banda la kuhifadhia majembe ya shule. Chifu akaleta askari kanga wawili wa ofisi yake wakoroge kwa zamu, kwa mwiko mrefu wa mti, polepole, kama Oyoo alivyowaelekeza. Askari hao walikuwa wamezoea kukamata watengeneza pombe, na kazi ya kukoroga pipa bila kumshtaki mtu iliwatia haya. Lakini walikoroga. Punde wakapata wimbo wa kukorogea.

Na jiwe likakua. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye watu walisema mambo mengi. Oyoo alilipima kila alipomaliza masomo, na kila alipolipima aliona hesabu yake ikitembea mbele ya macho yake, pande nane zikipanuka kwa usawa, angavu kama maji ya chemchemi. Alipiga hesabu upya kwa k ya kukoroga. Jibu likatoka: chungwa.

Jioni hiyo alimwambia Benta wakila, "Mama Akong'o, litakuwa chungwa."

"Na Chifu anataka nini?"

"Boga."

Benta aliendelea kumlisha mtoto. "Chungwa na boga si majirani, Baba Akong'o. Umemwambia?"

"Nimemwambia lina uzuri ambao kiboko hana."

"Uzuri umemwambia. Ukubwa je?"

Oyoo akamega tonge jingine. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo aliitaka ikae hata kidogo.

Haikukaa. Bwana Shauri alikuja na gari lake la vumbi kutangaza kwamba mgeni wa maonyesho atakuwa mkubwa kuliko ilivyotarajiwa. Atatoka Nairobi. Na yeye Bwana Shauri alikuwa tayari ameandika huko kwamba Birongo kuna jiwe lililokuzwa na wenyeji kwa sayansi, lenye ukubwa wa mpira wa miguu.

"Bwana, ni chungwa," Oyoo alisema.

"Nimekwisha andika mpira," Bwana Shauri alisema, kwa uso wa mtu anayesikitika kwamba mambo ya dunia hayasomi barua zake. Halafu akamshika Oyoo begani. "Bwana Mtaalamu. Wewe utaketi jukwaani. Mgeni atakuuliza, nawe utaieleza hesabu yako mbele ya wilaya nzima."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Oyoo Bwana Mtaalamu. Alijaribu kukataa. Lakini akaliona jukwaa akilini, akajiona amesimama na chaki, na watu wote kutoka Kiogoro hadi Nyamira wakisikiliza habari za blanketi la maji. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Kuna njia nyingine. Tunaweza kuongeza tofauti."

"Iongezwe," Chifu alisema papo hapo.

"Yaani kutia shabu nyingi zaidi katika maji ya moto, na kuyapoza bila kuyagusa. Yatavimbiwa mno, na jiwe litakua haraka. Lakini ni hatari. Maji yakivimbiwa kupita mpaka, kitu kidogo tu kinatosha, vumbi, mtikiso, na yatatapika kila kitu kwa mara moja. Nitayapeleka mpaka ukingoni, si zaidi. Wala mtu yeyote asiliguse pipa."

Wote waliahidi. Chifu aliahidi mara mbili.

Osman alipoambiwa wanataka gunia zima la shabu alimtazama Oyoo kwa huruma. "Mwalimu, vinyozi wa Birongo wamekuwa wakikata watu kiasi gani?" Lakini alilipakia. Asubuhi yenye ukungu walichemsha maji kwenye masufuria ya arusi, wakayeyusha shabu, wakayachuja kwa kanga mpya ya Benta, wakayamimina pipani. Oyoo alingoja yapoe kwa kiasi alichokadiria, akalishusha jiwe kwa uzi mnene, akawaondoa askari na mwiko wao. Maji yalikuwa maangavu kabisa, tulivu, na ndani yake jiwe lilining'inia kama taa. Ubaridi wa mlima ukaanza kazi yake. Adhuhuri Oyoo alichungulia: lilikuwa linakua karibu waziwazi. Alisimama pale banda likinuka majembe na tope, na akalia kidogo, maana hakuwahi kuona jambo lililokubaliana naye namna hiyo.

Alasiri Chifu akaja na Bwana Shauri na wazee wote, askari wakiwafuata. Walisimama mlangoni wamevua kofia kama watu wanaoingia kanisani.

"Linakula?" Chifu alinong'ona.

"Linakula vizuri, Chifu. Tafadhali, hapo hapo."

Chifu alilitazama jiwe lake. Aliona lilivyokuwa dogo katika pipa kubwa, akaliona tena akilini fuvu la kiboko, akaona meno. Akalionea jiwe huruma, huruma ya mzazi kabisa. Kabla Oyoo hajageuka, Chifu alikuwa amechota konzi ya shabu kavu iliyobaki guniani, akaitupia pipani.

"Ongeza chakula," alisema.

Ilikuwa kama mtu amepuliza moshi ndani ya maji. Wingu jeupe lilianzia pale konzi ilipoangukia, likashuka, likatanda, na kwa muda wa kupumua pipa lote likawa theluji. Punje elfu nyingi, ndogo kama mchanga, zilizaliwa kwa pamoja, zikigombania ile shabu iliyokuwa ya jiwe moja. Jiwe likatoweka. Askari mmoja aligusa pipa akaruka nyuma: lilikuwa limepata joto, kama mtu mwenye homa.

"Linakula!" mzee mmoja alipiga kelele.

Oyoo aliketi juu ya ndoo. Hakukasirika.

Walipotia mikono na kuvuta uzi, kilichopanda hakikuwa fuwele tena. Lilikuwa donge jeupe, chafuchafu, limejaa vijipembe kila upande, punje zimeng'ang'aniana juu ya punje kama chumvi iliyolowa. Ile kazi ya majuma mengi ilikuwa imezikwa katikati.

Bwana Shauri alikuwa amekwisha toa kalamu ili aandike aliyekosa. Wazee walimtazama Oyoo, maana yeye hakuwa wa huko. Lakini Chifu Onyancha alilizunguka donge, akalipima kwa viganja, akalizunguka tena.

"Hili ni boga," alisema.

Bwana Shauri akaishusha kalamu.

"Tena boga kubwa." Sauti yake ilianza kupanda. "Mwalimu, ulisema chungwa. Nimetia chakula kidogo tu, limekuwa boga! Nani alisema k haiongezwi?"

"Chifu, hili si jiwe moja. Ni mchanga ulioshikana. Jiwe lenyewe limo ndani, limeharibika..."

"Mgeni atalipasua?" Chifu aliuliza.

Oyoo alimtazama Eucabeth, aliyekuwa amefika akipangusa mikono. Yeye aliligusa donge kwa kidole. "Mwalimu," alisema kwa upole, "mimi naona wewe ulikuwa unakuza jiwe. Hawa walikuwa wanakuza ukubwa. Kamati imepata ilichokipigia kura."

Maonyesho yalifanyika Kisii chini ya jua kali. Donge la Birongo liliwekwa juu ya kitambaa chekundu na kibao kilichosema limekuzwa kwa hesabu na umoja. Watu wa ziwani walikuwa wameleta mamba aliyekaushwa, lakini mvua ya siku iliyotangulia ilikuwa imemfikia, na hakuna aliyeweza kumsogelea. Birongo ikapata nafasi ya kwanza.

Oyoo aliketi jukwaani kama alivyoahidiwa, katika koti lake, karibu na mgeni wa Nairobi. Mgeni aliinama kwake.

"Tell— yaani, niambie," alisema kwa Kiswahili cha Wazungu wa mashambani, "hii jiwe ilikua namna gani?"

Oyoo alikuwa ameyapanga maneno. Angesema ukweli wote, k na eneo na tofauti, na mwisho angesema kwamba kilichoko mezani ni kosa. Akafungua mdomo. "Bwana, maji yaliyo karibu na jiwe huwa yamechoka..."

"Ah!" mgeni alisema kwa furaha. "Halafu nyinyi mlikoroga."

"Tulikoroga, lakini..."

"Vizuri sana!" Mgeni akasimama, akashika kipaza sauti, akaieleza wilaya kwamba donge lile ni mfano wa watu wake: wengi, wadogo, wameshikana. Watu walipiga makofi. Chifu Onyancha alilia waziwazi. Bendi ya polisi ikaanza kupiga, na hesabu ya Oyoo ikamezwa na tarumbeta.

Alipofika nyumbani Benta alimwekea maji ya kunawa. "Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukawaambia?"

"Nilifika kwenye maji yaliyochoka."

Benta alicheka mpaka akashikilia mlango, na Oyoo, baada ya kununa kidogo, akacheka naye. Ulikuwa wakati mzuri wa mwisho kwa siku nyingi, maana juma lililofuata amri ilitoka kwamba kila lokesheni, yaani eneo la kila chifu, ikuze jiwe lake kabla ya maonyesho mengine, lisipungue boga. Shabu ikaisha madukani. Vinyozi wakarudi kutumia majivu, na kina mama wakanywa maji yenye tope. Oyoo akaondolewa darasani, akapewa baiskeli na cheo cha Msimamizi wa Mawe.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Nyamira. Machifu walikuwa wamejaa ukumbini wakimngojea, kila mmoja na wazee wake wa kukubaliana. Aliandika hesabu ubaoni, akaieleza pole pole, blanketi na mlango na njaa ya kutua mzigo. Walisikiliza kwa heshima kubwa. Alipomaliza, chifu mzee mwenye fimbo akainuka.

"Mwalimu, tumeelewa. Tunataka kujua jambo moja tu. Birongo walipewa k ngapi?"

"Walipiga kura iwe mara tatu," Oyoo alisema kwa uchovu.

Ukumbi ulinung'unika. Mara tatu! Na watu wa Birongo ni wachache kuliko wao! Chifu mzee aliwatuliza kwa fimbo yake, akamgeukia Oyoo kwa uso wa mtu anayedai haki yake na si zaidi.

Oyoo aliiweka chaki chini. Alifikiri habari za pande nane zilizonyooka, akafikiri baiskeli na njia ya kupanda mlima kurudi kwake. Halafu akapangusa ubao kwa kiganja.

"Haya," alisema. "Wanaotaka mara nne, mikono juu."